Uzi wa Mafundo Manne

Kutoka Mtwara hadi Mwanza kwa ndege ni masaa manne. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililoniponza, na kwa sababu si uongo. Hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyo hivyo: saa moja na nusu mpaka Dar es Salaam, mawili mpaka Mwanza, na ile nusu iliyobaki ni ya kushuka na kupanda njiani. Ukijumlisha unapata manne. Karani alinionyesha kwenye ramani na mimi nikaamini, na nilikuwa na haki ya kuamini.

Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Korosho zilianza kuanguka, nikatolewa kwenda kuokota, na msimu ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kunirudisha, wala mimi sikuwakumbusha. Kwetu ni Msimbati, kule nchi inakokwisha kabla hujafika mdomo wa Ruvuma. Nilipopata nguvu za kiume nikaenda Mtwara mjini, nikapanga chumba Rahaleo, nikabahatika kupata kazi uwanja wa ndege. Hiyo ni miaka michache baada ya uhuru. Usidhani nilirusha ndege. Nilikuwa mchukuzi. Nilisukuma mkokoteni wa mizigo, nilifagia, nilifukuza mbuzi wasivuke ndege inapotua, na zaidi ya yote nilikuwa mtu wa mizani.

Ndege zile za pangaboi hazikutaka uzito wa kubahatisha. Tulipima mizigo, halafu tukampima na mwenye mizigo. Mzee na heshima zake, kanzu imepigwa pasi, unamwambia apande juu ya sahani ya chuma kama anauzwa. Wanawake ndio walionitoa jasho. Mama mmoja wa Mtawanya, alikuwa anakwenda kumwona bintiye Dar es Salaam, alipanda akakunja mikono akaniambia, "Nipime, mwanangu, lakini ukinitangaza kama gunia la korosho, nikirudi nitakutafuta mpaka kwenu." Nikamnong'oneza karani. Tangu siku hiyo nikawa namnong'oneza uzito wa kila mtu, hata wa wanaume, na karani akawa ananicheka kwamba naungama kila asubuhi.

Karani mwenyewe alikuwa Mkristo wa upande wa ziwa, kijana mpole, ana kalamu mbili mfukoni na moja haiandiki. Kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na ramani kubwa ya nchi. Siku moja mvua imeizuia ndege, tumekaa hatuna kazi, nikamuuliza kwao ni mbali kiasi gani. Akachukua uzi wa kufungia vifurushi, akaushika na kidole pale Mtwara, akauvuta mpaka Dar es Salaam, akaupinda mpaka Mwanza, na kila mahali ndege inapotimiza saa moja akapiga fundo. Yakawa mafundo manne. Akaukata akanipa.

"Hapo ndipo kwetu," akasema. "Lakini kumbuka, haya ni masaa ya angani tu. Kungoja hakumo."

Hayo maneno yake ya mwisho sikuyabeba. Niliyaacha mle mle ofisini.

Uzi ule ulinitia kiburi. Mtu aliyekimbia shule, sasa naweza kukaa kwenye jamvi Msimbati nikawaambia watu wazima kwamba Mwanza ni karibu kuliko Mtwara. Nao walijua ninachokisema, maana njia ya kwetu wakati ule ilikuwa mchanga. Ukitoka Rahaleo na baiskeli asubuhi, sehemu nyingine unaipanda, sehemu nyingine unaibeba yenyewe, na unafika nyumbani watu wameshaswali alasiri. Ukibahatisha lori la korosho, unafika mapema kidogo lakini mwili mzima umebadilika rangi kwa vumbi. Sasa nikiutoa uzi na kusema, "Masaa manne, uko Mwanza," watu walicheka wakadhani natania, halafu wananiomba niurudie. Mwenye mtoto Tabora alikuja kuniuliza Tabora. Nilikuwa naweka kidole gumba kati ya fundo na fundo na kutoa hukumu. Ile ya kungoja sikuitaja hata mara moja. Ingeharibu hadithi.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa mama yangu, kwa sababu kaka yangu alikuwa Mwanza.

Hapa sina budi kurudi nyuma. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akifa anayekaa mahali pake ni mpwa. Anachukua mikorosho yake na maneno yake: nani anaoa, nani amegombana na nani, nani azikwe wapi. Mjomba wetu alipofariki, zamu ilikuwa ya kaka, maana ndiye mkubwa. Yeye alikuwa ameshapata kazi bandarini huko ziwani, na huko alikuwa ameshaona mchumba. Akasema hawezi. Wazee walimbembeleza siku tatu. Siku ya nne akafunga sanduku lake, na mama akasimama mlangoni akamwambia mbele yetu sote, "Nenda. Lakini ukitoka leo, usirudi hata kunizika."

Kaka akapita pembeni yake, akapanda lori.

Neno la mama kwetu halipeperuki. Linamkaa mtoto mpaka mama mwenyewe alitoe, na halitolewi kwa barua. Anachukua maji kinywani, anampulizia mtoto kifuani, anasema nimelitoa. Basi miaka ikapita. Kaka akawa analeta barua na kanga, mama akawa anazivaa hizo kanga, lakini yule haji kwa sababu aliambiwa asije, na huyu hamwiti kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Mimi niko katikati, nasomewa barua na karani na kwenda kuzieleza Msimbati.

Mama aliugua wakati wa masika, miaka ya mwanzo ya sabini. Kifua kilimjaa na miguu ikavimba. Nilifika nyumbani siku ya Ijumaa, nikamkuta amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, kwa sababu akilala hapumui. Hakunisalimia vizuri hata.

"Mwite kaka yako," akasema. "Nataka nilitoe lile neno. Ni masaa mangapi?"

Nikautoa uzi nikamwekea kiganjani. Akayapapasa mafundo kwa kidole gumba, moja moja.

"Manne tu?"

"Manne tu, mama."

"Basi sina haraka ya kufa," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akaufunga uzi wangu kwenye pindo la kanga na hakunirudishia.

Jumamosi nikarudi Mtwara. Posta nilipita mbele yake na baiskeli. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mtu anapiga mihuri. Sikuingia.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu, na ninazo nzuri. Ya kwanza, telegramu wakati ule ilikuwa msiba. Mtu akiona ile bahasha tu, nyumba nzima inaanza kulia kabla haijafunguliwa. Nikasema nisimshtue kaka bure, mama anaongea, anacheka, anakula uji. Ya pili, nikasema ikizidi nitampelekea, masaa manne tu, asubuhi napeleka na jioni yuko hapa. Hizo ni sababu za kweli na zilikuwa kichwani mwangu. Lakini iko ya tatu, na hiyo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka. Ni mimi niliyeendesha baiskeli kwenye mchanga kila wiki. Ni mimi niliyemlimia muhogo. Na hakuniuliza habari za mwendo, hakuniuliza nimekula, aliuliza masaa ya mwingine. Nikasema moyoni, acha naye angoje kidogo. Sikumaanisha mama. Nilimaanisha kaka. Lakini aliyekuwa anangoja ni mama.

Jumapili ikapita. Jumatatu ndege ilikuja, nikapima watu, nikamnong'oneza karani. Jumanne mchana akaja jirani yetu na lori, akasema mama sasa haongei ila kwa taabu, na kila akiongea anauliza kama ndege imetua. Ndipo nikakimbilia kwa karani aniandikie. Akaniuliza mama ameanza kunituma lini. Nikasema jana. Tuliipeleka posta pamoja alasiri ile, akaniombea ruhusa kazini, na Jumatano nikaenda nyumbani.

Nilimkuta mama ameshika pindo la kanga. Akaniuliza, "Umemwita?" Nikasema nimemwita. Hiyo haikuwa uongo tena, na bado ilikuwa uongo. Alhamisi akauliza, leo? Nikasema leo au kesho. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani mpaka husikii adhana. Nami najua kazi yangu: mvua ile, uwanja wa Mtwara umejaa maji, na hata ndege ingekuwa Dar es Salaam imewasha moto, haitoki. Nilikaa pale na elimu yangu yote ya mafundo manne nikimsikiliza anavyovuta pumzi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, akaomba maji katika kata ya kifuu. Akaniambia nisimame mbele yake, nifungue kifua.

"Simama mahali pa kaka yako," akasema. Akachukua maji kinywani, akapuliza. Hayakwenda mbali, mengi yalimwagika kidevuni mwake, lakini yalinifika. Halafu akasema maneno yake, kwa kituo, akanitaka niyarudie mara mbili mpaka aridhike: "Mwambie nimemngoja tangu Ijumaa ile niliyokutuma umwite. Mwambie neno langu nimelitoa."

Alfajiri ya Jumamosi alikata roho. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, mvua ilipopumua. Mwanawe mkubwa hakuwepo. Waliosikia lile neno mlangoni walitazamana makaburini. Wanawake waliomwosha walinipa uzi. Ulikuwa umeongezeka mafundo. Sikuwa na macho ya kuyahesabu, nikautia mfukoni.

Jumapili nikapanda lori kwenda mjini, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, na nilijua kama ndege itakuja, itakuja siku hiyo. Ikaja. Kaka akashuka wa mwisho, ana koti na kimfuko kidogo, amekonda. Aliona kanzu yangu ina udongo magotini, akasimama pale pale kwenye lami.

"Lini?"

"Jana."

Watu wanapita na mizigo yao, na mwenzangu wa mkokoteni amesimama hajui pa kutazama. Halafu kaka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Telegramu uliipeleka lini?"

"Ijumaa ile. Mama alisema nikuite, nikapeleka Ijumaa hiyo hiyo."

Akanishika bega. "Ahsante, mdogo wangu," akasema.

Nilidhani ameilaumu posta. Nikaiacha posta ibebe. Akanieleza njiani, hata sikumuuliza: alipata karatasi Jumatano jioni, Alhamisi ndege ya Mwanza imejaa, Ijumaa akapata nafasi, akafika Dar es Salaam ya Mtwara imezuiwa na mvua, Jumamosi kutwa amekaa juu ya kimfuko chake uwanjani. Tukafika Msimbati. Akaenda kaburini peke yake, akarudi, akakaa matanga mpaka siku zikatimia, akaaga wazee, akaondoka.

Na ule ujumbe sikumpa.

Kwetu maneno ya marehemu hayakatwi. Unayabeba kama alivyoyasema, huchagui kipande. Ningesema "neno nimelitoa," ningelazimika kusema "tangu Ijumaa ile niliyokutuma," na wazee wapo, na yule jirani wa lori aliyenikuta kazini Jumanne sijamwita mtu yupo, anakula wali pembeni yangu. Kukata nusu niliogopa dhambi. Kusema yote niliogopa macho ya watu. Basi nikanyamaza, nikajiambia nitamwambia akiwa peke yake. Alipokuwa peke yake nikajiambia nitamwandikia. Lakini barua zangu anaandika karani, na karani naye nilimdanganya kwa ile "jana" yangu.

Miaka mitatu. Katika miaka hiyo niliacha kabisa kuwaeleza watu masaa. Mtu akiniuliza Tabora, namwelekeza kwa karani. Msimbati wakasema nimepandishwa cheo ndiyo maana siongei. Ilifika mahali siwezi kunywa maji katika kata bila kusikia yale ya kifuani. Mwisho nikamwendea karani, nikamweleza yote, na ile "jana" ndani yake. Hakunikemea. Alikuna kichwa kwa ile kalamu isiyoandika, na baada ya mwezi akanipatia nafasi ya mfanyakazi kwenda Mwanza na kurudi.

Siku ya safari nilipanda mizani yangu mwenyewe. Karani akasoma, akaninong'oneza.

Nilikuwa sijawahi kupanda ndege, na ningependa kukusimulia nilivyouona mdomo wa Ruvuma kutoka juu, ila sikuuona. Niliinama tangu magurudumu yalipoacha ardhi. Nilitoka Mtwara Alhamisi. Dar es Salaam nikaambiwa ya Mwanza imejaa, ningoje. Ijumaa nikangoja. Nilikaa juu ya mzigo wangu kwenye kibaraza cha uwanja, na nikajua kaka alikaa hapa, labda penye nguzo hii hii. Jumamosi adhuhuri ndipo nikafika. Angani nilihesabu. Yalikuwa masaa manne, karani hakukosea.

Kaka alikuwa anakaa kilimani, kwenye yale majabali yao yaliyopandana kana kwamba yatakuporomokea. Mkewe, Msukuma mcheshi, alinipokea kwa ugali na samaki wa ziwani, akanitania kwamba watu wa korosho wana mikono laini. Tulikula. Kaka akanawa, akafuta mikono polepole, akaniambia, "Hukuja kula samaki. Sema."

Nikasema yote. Nilianzia mlango wa posta ulivyokuwa wazi, nikaja kwa yale ya baiskeli na muhogo, na wivu wangu nikautaja kwa jina lake. Nikasema maneno ya mama kama nilivyoyarudia mara mbili mbele yake, sikukata.

Akainuka akaingia ndani. Akatoka na mkebe wa biskuti, ndani mna karatasi zake, akachomoa telegramu yangu, imekuwa ya njano.

"Hapa juu pameandikwa nini?"

Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini namba nazijua, namba ndizo zilizonilisha. Palikuwa na tarehe, na saa. Jumanne, alasiri. Nilikuwa nimeipeleka mwenyewe, lakini sikuwahi kuiona iliyofika. Sikujua kwamba upande wa pili inatoka na siku yake juu.

"Kwa hiyo pale uwanjani ulijua," nikasema.

"Nilijua umenidanganya. Nilidhani umenidanganya kunifariji." Akaikunja ile karatasi. "Nilisema, huyu ameniita mwenyewe, mama alipokwisha kushindwa kusema. Na hiyo Ijumaa ameibuni ili nione mama alinitaka. Nikakushukuru. Miaka mitatu nakushukuru."

Nikaisogeza sahani yangu pembeni.

"Kwa hiyo aliniita," akasema.

"Alikuita."

"Ijumaa."

"Ijumaa, kaka. Kabla hata hajanisalimia."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Kaka akamwomba maji. Yakaja katika kikombe cha bati. Akanipa, akakaa chini mbele yangu kwenye udongo, mtu mzima na mvi zake, akafungua vifungo vya shati.

"Fanya kama alivyofanya."

Nikatia maji kinywani, nikayameza. Akangoja. Nikatia mengine. Safari hii nikapuliza, yakampata kifuani na shingoni, nikasema, "Neno lako limetolewa." Hakujifuta. Alikaa yanamtiririka, amefumba macho, na midomo yake inasema kitu ambacho hakikuwa changu kusikia.

Baadaye nikakumbuka uzi. Nikautoa mfukoni, nikampa, nikamweleza habari ya karani na ramani. Akaunyoosha gotini. Mafundo manne ya karani yalikuwa yamepangwa vizuri, yanalingana. Baada yake yalifuata mengine, madogo, yamebanana, ya mwisho yamelegea kama aliyeyapiga hakuwa na nguvu vidoleni.

"Haya saba ni ya nini?"

Nikahesabu pamoja naye, Jumamosi, Jumapili, mpaka Ijumaa ya maji. "Ni ya siku," nikasema. "Alikuwa anapiga moja kila siku hujaja."

Kaka akaweka kidole gumba kwenye la kwanza, akakisogeza. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Akasimama hapo.

"Haya matatu ya mwisho ni ya mvua na ndege," akasema. "Haya manne ni yako wewe."

Akaukunja uzi, akautia katika mkebe pamoja na telegramu, akafunga kifuniko. Halafu akamwambia mkewe anitandikie, kwa sababu ndege ya kunirudisha haikuwepo mpaka Jumanne.